Chumvi Ilitoka Wapi? Historia ya Kitu Tunachobishania Jikoni

Siku hizi haipiti wiki bila ujumbe kuhusu chumvi kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Mmoja anaonya kwamba chumvi ya pakiti ni kemikali za kiwandani, turudi kwenye chumvi ya mawe waliyotumia wazee. Mwingine anauza chumvi ya waridi ya Himalaya na kusema ina madini 84. Wa tatu ameambiwa hospitali apunguze chumvi kwa sababu ya presha, anauliza kama chumvi ya bahari nayo inahesabika. Majibu huja mengi na makali, na mara nyingi watu hawagombanii kitu kimoja. Huyu ana sodiamu kichwani, yule madini joto, yule mwingine magadi, na wote wanasema chumvi.

Naamini ubishi huu unafunguka vizuri zaidi tukianzia mbali, kwenye swali la chumvi ni nini na binadamu waliipataje. Ukishajua ilikotoka, mengi ya jikoni yanajijibu yenyewe.

Chumvi ni nini hasa

Chumvi ya kula ni muungano wa vitu viwili, sodiamu na klorini. Kwa uzito, kama sehemu 40 katika 100 ni sodiamu na zilizobaki 60 ni klorini. Kila kimoja kikiwa peke yake ni cha kuogopwa: sodiamu ni metali laini inayoweza kulipuka ikigusana na maji, na klorini ni gesi ya sumu. Vikiungana vinazaa kitu tofauti kabisa, tena kitu ambacho bila hicho mwili hauendi. Mishipa ya fahamu hupitisha taarifa kwa msaada wa sodiamu, misuli huitumia kufanya kazi, na ndiyo inayosaidia damu kushika kiasi sahihi cha maji. Mwili hauwezi kuitengeneza. Tunaipoteza kwa jasho na mkojo, na lazima tuirudishe kwa chakula.

Karibu chumvi yote duniani ilitoka baharini. Iliyomo ndani ya miamba ni mabaki ya bahari za kale zilizokauka mamilioni ya miaka iliyopita, zikafunikwa na udongo. Iliyomo kwenye chemchemi za bara mara nyingi ni maji ya ardhini yaliyopita kwenye matabaka hayo. Zipo chache zenye asili nyingine, kama ya Ziwa Katwe huko Uganda, ambalo limo ndani ya shimo la volkano na hupata madini yake kutoka kwenye miamba ya volkano yenyewe. Basi anayesema chumvi ya mwambani ni ya asili kuliko ya baharini anasahau kwamba mwamba huo nao ulikuwa bahari.

Kuna jingine linalochanganya watu sokoni. Kile ambacho wauzaji wetu wengi wanakiita chumvi ya mawe hakikuchimbwa mwambani hata kidogo. Ni chumvi ya bahari iliyovunwa kwenye mashamba ya pwani ikaachwa na punje zake kubwa bila kusagwa. Ile ya unga kwenye pakiti inaweza kuwa imetoka shamba lile lile.

Hakuna aliyeigundua

Watu huuliza nani aligundua chumvi na mwaka gani. Swali halina jibu, kwa sababu wanyama walituzidi. Kwenye Mlima Elgon, upande wa Kenya, kuna pango liitwalo Kitum. Ndovu huingia humo usiku, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mkonga, kisha huvunja kuta kwa pembe zao na kutafuna mawe yake kwa ajili ya madini ya sodiamu yaliyomo. Alama za pembe zimejaa ukutani. Nyati na wanyama wengine nao huenda. Mfugaji yeyote anajua pia kwamba ng'ombe huwa na sehemu zao za kulamba udongo, na hakuna aliyewaonyesha. Mwindaji wa zamani alichohitaji ni kufuata nyayo.

Kwa muda mrefu wa historia yake, binadamu hakuhitaji hata kutafuta chumvi ya kutia kwenye chakula. Nyama, damu na maziwa vina sodiamu ya kutosha, na ndiyo maana jamii za wafugaji ziliweza kuishi vizuri bila kopo la chumvi. Hali ilibadilika watu walipoanza kulima na kutegemea nafaka, ndizi na mizizi. Mtama na ulezi havina sodiamu ya maana. Aliyekula ugali na mboga kila siku akaanza kuitamani chumvi, na mifugo aliyoifunga zizini nayo ikaihitaji. Hapo ndipo kazi ya kuitafuta ilipoanza kwa bidii. Mojawapo ya sehemu za kale zaidi zinazojulikana iko Bulgaria, kwenye kijiji cha kale cha Solnitsata karibu na mji wa Provadia, ambako watu walichemsha maji ya chemchemi ya chumvi ndani ya vyungu yapata mwaka 5500 K.K.

Waliokuwa mbali na bahari na mbali na chemchemi walichoma mimea. Katika sehemu nyingi za bara la Afrika watu walikata matete na majani ya kandokando ya maji, wakayachoma, wakapitisha maji kwenye majivu na kuyatumia hayo maji, au kuyachemsha mpaka yabaki madini makavu. Magharibi mwa Kenya hadi leo kuna nyumba zinazopikia mboga kwa munyu wa kienyeji unaochujwa kutoka kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Kitu hiki kinalainisha mboga na kina ladha yake, lakini kwa sehemu kubwa ni madini ya potasiamu, si sodiamu. Tofauti hiyo si ndogo, na mwishoni itahitajika.

Kazi ilikuwa kuitenganisha

Chumvi iko tele duniani, ila imejificha ndani ya maji na udongo. Ujuzi wote wa chumvi, tangu enzi hizo hadi leo, ni ujuzi wa kuitoa humo.

Tuanze na pwani. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za madini, na zaidi ya robo tatu yake ni chumvi yenyewe. Mtu anaweza kudhani kwamba inatosha kuyaacha maji yakauke na kukwangua kilichobaki. Akifanya hivyo atapata kitu kichungu, chenye kunata, kisichokauka. Kwenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo, Lindi, Pemba au Marereni, maji huingizwa wakati wa bamvua na kupitishwa jaruba hadi jaruba. Katika majaruba ya mwanzo jua hupunguza maji, na chokaa na jasi hutangulia kuzama chini. Chumvi haianzi kuganda mpaka takriban sehemu tisa kati ya kumi za maji ziwe zimekwenda na jua. Hapo maji makali huhamishiwa kwenye jaruba la mwisho, na fuwele nyeupe zikaanza kuonekana kingoni na juu ya maji.

Uhodari wenyewe uko katika kujua wakati wa kuacha. Mwenye shamba hasubiri maji yaishe kabisa. Hayo yanayobaki mwishoni huyamwaga, kwa sababu yamejaa magnesiamu, na magnesiamu ndiyo yenye uchungu na ndiyo inayovuta unyevu wa hewani. Chumvi inayolowa upesi kwenye kopo na kuacha uchungu nyuma ya ulimi mara nyingi ni ile iliyovunwa pamoja na maji yake ya mwisho. Ipo pia gharama nyingine: mashamba mengi yamechukua maeneo yaliyokuwa karibu na mikoko au yenye mikoko yenyewe, na pwani ya Kenya na ya Tanzania imeona migogoro ya ardhi na ya mazingira kwa ajili hiyo. Tunaposifu chumvi ya asili tuyakumbuke na hayo.

Bara mambo yalikuwa mengine. Uvinza, mkoani Kigoma, karibu na Mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi, kuna chemchemi zenye maji makali kuliko ya bahari. Mwishoni mwa miaka ya 1960 John Sutton na Andrew Roberts walichimba pale kwa utafiti wa akiolojia, wakakuta vigae vya vyungu na mabaki ya mioto yaliyolundikana karne juu ya karne. Ya zamani zaidi yalikuwa ya karne ya 5 au ya 6. Yaani mahali hapo pamekuwa pakitoa chumvi kwa karibu miaka 1,500, na panaendelea kutoa hadi sasa. Sijui ni viwanda vingapi duniani vinavyoweza kujivunia umri huo, na inanisikitisha kwamba mtoto wa shule Tanzania anaweza kumaliza masomo akiwa amesikia habari za chumvi ya Warumi bila kusikia za Uvinza.

Katika karne ya 19 watu walimiminika huko kila kiangazi, kutoka Uha, Unyamwezi na kandokando ya Ziwa Tanganyika. Walijenga vibanda vya muda, wakachota maji ya chemchemi, wakayachemsha kwa kuni kwenye vyungu mpaka chumvi ikabaki, wakaifungasha na kuondoka kabla mvua hazijaanza na mto kujaa. Watawala wa Uvinza walichukua fungu lao katika kila mzigo. Tukisimuliwa habari za misafara ya zama hizo tunasikia zaidi pembe za ndovu na watumwa. Lakini wenyeji wa bara walikuwa wakibebeana chumvi na majembe ya chuma kutoka nchi hadi nchi kabla ya biashara ya pembe kukua, na njia ambazo misafara ya pwani ilizifuata zilikuwa zimekwisha kukanyagwa na wabeba chumvi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walizichukua chemchemi, na kazi iliyokuwa ya maelfu ya watu wa msimu ikawa ya kampuni.

Njia inayonivutia kuliko zote iko Kibiro, ufukweni mwa Ziwa Albert nchini Uganda. Pale chini ya genge kuna chemchemi za maji ya moto yenye chumvi hafifu, hafifu mno kwa mtu kuyachemsha na kupata faida. Wanawake wa Kibiro walitafuta njia nyingine. Kila mmoja ana kipande chake cha ardhi, kama bustani. Asubuhi hutandaza udongo mkavu uliolegea juu ya ardhi yenye unyevu wa chumvi. Udongo hunyonya unyevu kutoka chini, jua linaukausha, chumvi inabaki ndani ya udongo. Huukwangua, huutandaza tena, siku baada ya siku, mpaka uwe umeshiba chumvi. Kisha huuweka kwenye chombo chenye matundu chini, humwagia maji, na yanayochuruzika huwa makali ya kutosha kuchemshwa. Udongo ule ule hurudishwa bustanini kuanza upya. Uchimbaji wa kiakiolojia uliofanywa na Graham Connah umeonyesha kwamba kazi hii ina karne nyingi, karibu miaka elfu moja. Bustani hurithiwa kwa upande wa wanawake. Na kwa kuwa ardhi ya pale haifai kwa kilimo, chumvi yao ndiyo iliyowanunulia chakula.

Kwingineko walienda chini zaidi. Hallstatt, Austria, watu walichimba mwamba wa chumvi tangu zama za shaba nyeusi, na ngazi ya mbao iliyokutwa mgodini humo ni ya mwaka 1344 K.K., ikiwa bado imara kwa sababu chumvi imeilinda. Zigong, nchini China, mafundi walitoboa visima vyembamba kwa nondo zilizoinuliwa na kudondoshwa. Mwaka 1835 kisima cha Shenhai kilipita mita 1,000 kwenda chini, na gesi iliyotoka ardhini ilitumika kuchemshia maji ya chumvi.

Ilihifadhi chakula, kwa hiyo ilibeba biashara

Kabla ya jokofu na makopo, samaki wa leo alikuwa takataka ya kesho. Ukitaka kuona chumvi inavyozuia hilo, kata kitunguu cha kachumbari, kinyunyizie chumvi, subiri kidogo. Maji yatajaa chini ya bakuli. Chumvi imeyavuta kutoka ndani ya kitunguu. Kwa samaki hufanya hivyo hivyo, na huvuta maji hata kutoka ndani ya vijidudu vinavyoozesha, vikashindwa kuzaliana.

Kutokana na hilo yalizaliwa masoko makubwa. Ng'onda na papa mkavu walisafiri kwa majahazi; vyombo kutoka Uarabuni na Ghuba vilivyokuja na kaskazi vilileta Zanzibar na Mombasa tende, chumvi na papa aliyekaushwa. Leo sangara wa Ziwa Victoria anayetiwa chumvi na kuanikwa, yule anayeitwa kayabo, anavuka mipaka kwenda kuliwa Kongo bila barafu hata kipande. Chumvi pia ilitumika kuhifadhi ngozi za wanyama kabla hazijafika kwa watengenezaji, na kwa kazi hiyo inatumika mpaka sasa.

Sasa hapa ndipo hadithi nyingi zimeongezwa chumvi kupita kiasi. Inasemwa kwamba Afrika Magharibi chumvi ilibadilishwa kwa dhahabu uzito kwa uzito. Tunaye shahidi mzuri, msafiri Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Mwaka 1352 alipita Taghaza, katikati ya Sahara, akakuta kijiji ambacho nyumba na msikiti vimejengwa kwa matofali ya chumvi na kuezekwa ngozi za ngamia. Hapakuwa na mti. Waliochimba walikuwa watumwa, nao walikula tende zilizoletwa kutoka mbali na nyama ya ngamia. Aliandika pia bei: mzigo wa ngamia uliuzwa Walata, mji wa ukingo wa kusini wa jangwa, kwa mithqali 8 hadi 10 za dhahabu, na katika mji wa Mali kwa 20 hadi 30, wakati mwingine 40. Mithqali moja ni gramu nne na kitu. Kwa hiyo mzigo mzima wa ngamia ulifikia gramu mia moja na zaidi za dhahabu. Ni bei kubwa kweli, na inaonyesha jinsi umbali ulivyoipandisha, lakini iko mbali sana na uzito kwa uzito.

Nyingine ni kwamba askari wa Roma walilipwa mshahara wa chumvi. Askari wale walilipwa sarafu, na hakuna hati ya zama hizo inayoonyesha mishahara ikitolewa kwa magunia ya chumvi. Ya tatu ni kwamba Warumi walipoibomoa Karthago mwaka 146 K.K. waliimwagia ardhi yake chumvi isiote kitu tena. Waandishi wa kale walioeleza kuanguka kwa mji huo hawasemi hivyo; maelezo hayo yalienea katika vitabu vya historia vya zama zetu. Wala hayana mantiki, kwani chumvi ya kuua mashamba ya mji mzima ingekuwa hasara kubwa mno, na Warumi wenyewe baadaye walijenga mji mpya pale pale na kulima eneo hilo.

Aliyeishika chumvi aliwashika watu

Kitu ambacho kila mtu anakihitaji, na ambacho kinatoka sehemu chache zinazojulikana, ni rahisi sana kutozwa kodi. Maskini hawezi kukikwepa. China ilifanya chumvi kuwa biashara ya dola mwaka 119 K.K., chini ya mfalme Wu wa ukoo wa Han, ili kugharimia vita. Ufaransa ilikuwa na kodi ya chumvi iliyochukiwa kiasi kwamba mapinduzi yaliifuta mwaka 1790; Napoleon akairudisha mwaka 1806.

Kwetu Afrika Mashariki mfano wa wazi ni Katwe. Chumvi ya ziwa lile ililisha masoko ya Bunyoro, Ankole, Toro na ng'ambo hadi Kongo, na falme ziligombania udhibiti wake. Kabalega, mfalme wa Bunyoro, alijua thamani yake. Mwaka 1891 Frederick Lugard, akiwa na kampuni ya Waingereza, alienda moja kwa moja Katwe na kujenga ngome. Kumpokonya Kabalega chumvi ilikuwa kumpokonya mapato.

India ndiyo iliyoonyesha upande wa pili. Waingereza walikuwa wamewakataza watu kujitengenezea chumvi hata waliokuwa wakiishi ufukweni. Tarehe 12 Machi 1930 Gandhi aliondoka Sabarmati na wafuasi 78, wakatembea kilomita zipatazo 385 hadi Dandi, na tarehe 6 Aprili akaokota chumvi ya ufukweni mbele ya watu. Kwa sheria lilikuwa kosa. Mamilioni wakafanya kosa hilo hilo, na zaidi ya watu 60,000 walifungwa. Hakuchagua chumvi kwa bahati. Ndiyo kodi pekee ambayo mkulima asiye na kitu, Mhindu au Mwislamu, aliihisi kila alipokula.

Chumvi isiyoliwa

Mwaka 1807 Humphry Davy wa Uingereza alipitisha umeme kwenye soda kali iliyoyeyushwa na kupata sodiamu kwa mara ya kwanza. Chumvi nayo ni malighafi ya viwanda. Ukipitisha umeme kwenye maji ya chumvi unapata klorini na soda kali. Klorini husafisha maji ya bomba na kutengeneza plastiki za mabomba yenyewe. Soda kali hutengeneza sabuni na karatasi. Dunia huzalisha zaidi ya tani milioni 250 za chumvi kwa mwaka, na sehemu ndogo tu ndiyo inayofika mezani. Nyingi huenda viwandani, na katika nchi za baridi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu.

Magadi ni kitu kingine. Yale ya Ziwa Magadi, Kenya, ni kaboneti na bikaboneti ya sodiamu. Yana sodiamu kama chumvi, lakini hayana klorini yake, na kazi yake kubwa ni viwandani, hasa kutengeneza kioo. Jikoni hulainisha maharagwe na makande. Mwenye presha anayeacha chumvi na kuzidisha magadi hajapunguza sodiamu.

Na kuna matumizi moja ambayo kwangu ni makubwa kuliko ya viwanda vyote. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kililipuka katika kambi ya wakimbizi Bangaon, India. Dripu zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwapa wagonjwa maji ya chumvi na sukari wanywe, yakigawiwa hata na ndugu zao. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka hadi kama 3. Siri iko kwenye utumbo: sodiamu na sukari huingia mwilini kwa mlango mmoja, vikiwa pamoja, na maji huvifuata. Ndiyo sababu maji matupu hayatoshi kwa anayeharisha. Pakiti ya zahanati ndiyo bora. Ikikosekana, ni nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vya kusawazisha, kwenye lita moja ya maji safi. Chumvi ikizidi inadhuru, hasa kwa mtoto.

Madini joto, chumvi ya waridi na presha

Tukirudi kwenye pakiti inayoitwa ya kemikali, kinachoongezwa humo hasa ni madini joto, yaani ayodini, kwa kiasi kidogo sana. Tezi ya shingo huyahitaji. Yakikosekana shingo huvimba, ndiyo rovu, au goita kama wengi wanavyosema. Lakini rovu ni dalili inayoonekana tu. Madhara mazito zaidi humpata mtoto aliye tumboni, ambaye ubongo wake unaweza usikue ipasavyo. Mvua huyaosha madini haya kutoka kwenye udongo, hasa nyanda za juu, na hivyo hata mboga za shambani mwako hazina ya kukupa. Uswisi ilianza kuyatia kwenye chumvi mwaka 1922. Kenya iliweka sheria miaka ya 1970 na Tanzania miaka ya 1990. Chumvi ilichaguliwa kwa sababu ile ile iliyowavutia watoza kodi: kila mtu anaila, tajiri na maskini, kila siku.

Wengi wanaamini chumvi ya bahari ina madini joto tayari. Haina ya kutosha. Bahari yenyewe inayo kidogo, na hicho kidogo hakibaki kwenye chumvi. Ushahidi uko karibu: utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta upungufu wa madini joto miongoni mwa watoto wa shule Unguja na Pemba, visiwa vilivyozungukwa na bahari na vyenye mashamba yake ya chumvi, kwa sababu chumvi iliyotumika haikuwa imeongezwa madini hayo. Anayehamia chumvi ya mawe isiyotiwa kitu, akiwa mjamzito au ana watoto wadogo, anajinyima kinga hiyo. Na aliyenayo aifunike, aiweke mbali na jiko na jua, maana madini joto hupotea.

Chumvi ya waridi huchimbwa Khewra, Pakistani. Rangi yake ni ya madini ya chuma, kutu kidogo. Zaidi ya sehemu 95 katika 100 ni chumvi ile ile, na hayo madini mengine ni machache mno kukufaa. Ungehitaji kula chumvi kwa kiasi cha kukudhuru ndipo upate chochote cha maana. Kama unaipenda kwa rangi, ni haki yako.

Kuhusu presha, ndiyo, ya bahari inahesabika, ya waridi inahesabika, ya mawe inahesabika. Sodiamu ni sodiamu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha na ile usiyoiona kwenye mkate, vidonge vya mchuzi, krisps na ng'onda. Ng'onda mwenyewe umloweke, umwage maji, ndipo umpike.

Sasa zinauzwa pia chumvi ambazo sehemu ya sodiamu imebadilishwa kwa potasiamu, na kwa watu wazima wengi zinasaidia kushusha presha. Ila mwenye ugonjwa wa figo asizitumie kabla ya kumuuliza daktari wake, kwa kuwa figo dhaifu hushindwa kutoa potasiamu, na ikirundikana hushtua moyo. Hilo linauhusu na munyu wa majivu.